Robine

Trezo wa dukani alinipangia kumi na mbili juu ya meza,
zote zinang'aa kama meno ya bwana harusi.
"Hii dola nne, hii sita, hii yenye shingo ya bata
wanaipenda sana wake za wakubwa."
Nikaishika ya bata.
Nyepesi. Kama nimeshika kifaranga.

Baba angecheka.
Baba alitumikia bomba moja miaka thelathini na mmoja,
lile refu la moshi, linaloonekana toka Katuba hadi Ruashi,
na nyumbani kwetu bomba la maji hatukuwa nalo.
Mama alipanga foleni na beseni kwa Bibi Kabedi,
aliyehesabu madumu kwa kidole na madeni kwa mdomo.
Jioni, kabla ya bukari, baba alikuwa na mchezo wake:
anachukua kijiko, kitasa, sarafu, chochote,
anakigonga kwa ukucha karibu na sikio.
"Hiki ni bati, limeazima koti."
Au: "Hii ni shaba.
Sikia inavyokawia kunyamaza."

Basi nami nikagonga, mbele ya watu,
moja baada ya nyingine, sikio limeinama.
Tak. Tak. Tak.
Mwenye saruji begani akauliza kama namuita pepo.
Nikatoa ufunguo, nikakwaruza kwa nyuma,
pale ukuta utakapoficha aibu.
"Mzee, ukikwaruza umenunua!"
Kijivu. Kijivu.
Ya tisa, njano.
Nzito, ikanivuta mkono chini kama mtoto anayetaka kuteremka.
Nikaigonga, na ilikuwa bado inasema
Trezo alipotaja bei:
thelathini na tano.

Imetoka wapi?
"Ng'ambo, mzee. Kitu cha ng'ambo."
Nje barabarani lori lilikuwa linapita
na mabamba yake mekundu, yamefungwa minyororo,
taratibu, kuelekea Kasumbalesa.
Inaondoka nyekundu, inarudi imevikwa fedha,
na nauli ya kwenda na ya kurudi
tunalipa sisi.

Kapya hakutazama lori. Alikuwa anapiga hesabu.
"Tatu za namna hii ni milango miwili ya ndani."
Chumba chetu mpaka leo kinafungwa na pazia la kitenge.
Tukanunua moja.
Mimi nilisema iwekwe uani, wapita njia waione.
Yeye alisema jikoni.
Iko jikoni.
Bafuni tumeweka ya dola sita, na ikifa
tutaoga kwa kopo kama Wakristo wengine.

Jumamosi akaja fundi Chishimba,
tepu nyeupe mdomoni, bisibisi sikioni.
Nikamuuliza mpira wa ndani utadumu miaka mingapi.
Akaifumua, akanionyesha:
mpira haupo, ni visahani viwili vya kauri
vinavyosuguana bila kuumizana,
"si kama mimi na kaka yangu."
Akairudisha, akakaza, akapangusa alama za vidole vyake.
"Hii itakuzika, mzee."

Nikafungua.
Ikakohoa.
Kikohozi kikavu, kirefu, cha ndani kabisa ya ukuta,
nami nilikijua kikohozi kile,
nililala nacho chumba kimoja miaka yake miwili ya mwisho.
Chishimba akasema ni hewa tu,
maji ya mji huu huja yakijisikia.
Akachukua pesa yake, akaenda.

Kapya akaiacha wazi, akaweka ndoo ya bati chini yake,
ndiyo desturi yetu: tunalala sikio moja.
Saa tisa usiku ndoo ikagongwa.
Tone moja. Lingine. Halafu yote kwa pamoja.
Nikaenda miguu wazi juu ya saruji mbichi,
nikasimama gizani, ndoo inajaa, inamwagika,
nikafunga kwa vidole viwili tu.
Kimya, papo hapo.
Nikafungua tena.
Nikafunga.
Nikafungua.
"Wewe!" ikatoka nyuma ya kitenge.
"Hayo maji ni ya kulipia!"