Sentimita Nane

Utepe wa kupimia ndio uliobaki.
Toroli niliiuza mwezi wa pili baada ya kuanguka,
mwiko aliuchukua Kyalo, akaahidi kuurudisha
siku nitakaposimama. Ni kijana mwenye heshima,
hajaniuliza siku hiyo ni lini.

Nimepima kila kitu.
Kiti changu: sentimita sitini na sita.
Mlango wa choo: hamsini na nane.
Ndinda hunibeba kuzivuka hizo nane,
pumzi yake ikilia kama bawaba kavu,
nami hutazama dari, tusionane uso kwa uso.

Na ngazi za mbele: tatu, kila moja kumi na tano.
Kanuni naijua, kimo kimoja kwa urefu kumi na mbili.
Mita tano na nusu, kasoro kidogo.
Lakini hapa Dandora, toka kizingitini hadi mtaroni
ni mita tatu, na kando ya hizo tatu
Mama Awinja ameweka jiko lake la chapati
tangu kabla sijahamia.

Niliandika bei kwa penseli nyuma ya kalenda:
simenti mifuko tisa, mchanga, kokoto, nondo,
mlango mpana, vishikio viwili vya chuma,
fundi (hapo nilisita. Fundi nilikuwa mimi).
Elfu sitini na moja, mia nne.
Ndinda aliisoma kama majibu ya damu.

Kontrakta hapokei simu.
Sacco ilitaka wadhamini watatu wenye mshahara;
rafiki zangu wote hulipwa jioni,
wakilipwa.
Ofisi ya mfuko wa walemavu ilinipa fomu ya kurasa sita.
Binti wa pale, Chemutai, alikuwa mpole,
akanionyesha kwa kalamu pa kutia sahihi.
Swali la kumi na moja: Je, nyumba ni yako?
Kama si yako, ambatisha barua ya mwenye nyumba.

Githaka alikuja, akasimama ngazi ya juu kabisa.
"Musembi, ukipanua mlango leo, kesho ukahama,
nitampangisha nani mlango wa ajabu hivi?"
Sikumjibu. Niliikumbuka benki moja Upper Hill,
mimi na zege hadi magotini,
nikimnung'unikia msanifu: njia ndefu yote hii,
imejikunja kama nyoka aliyeshiba, nani atapita hapa?
Nililipwa mia saba kwa siku.
Niliilainisha vizuri. Sijawahi kurudi kuiona.

Barua ilitoka baada ya wiki tano
na kodi ya mwezi mmoja mbele.
Chama cha Ndinda kilimpa zamu isiyokuwa yake, elfu kumi na nane.
Kanisani walipitisha kikapu; sikwenda,
sikutaka kuhesabiwa sarafu nikiwa nimekaa.
Kyalo alileta mifuko miwili ya simenti usiku,
sikuuliza ni ya nani.
Fomu yangu, hadi leo, "inashughulikiwa".

Na Mama Awinja, ambaye sikuwa na uso wa kumwomba,
alitoka alfajiri moja, akalivuta jiko
hatua nne, hadi pasipo na kivuli,
akajifuta unga mikononi.
"Pima sasa."

Nikapima. Njia ikapata pa kupindia.

Kyalo aliilainisha, mimi nikimkaripia
kwa kila kitundu cha hewa.
Ilipokauka, wa kwanza kupita hakuwa mimi:
lilikuwa gunia la makaa la Mama Awinja,
likiburutwa,
kisha mtoto wa jirani na baiskeli isiyo na breki.
Kisha mimi, peke yangu, viganja vikiungua magurudumuni,
hadi mtaroni, ambako nilikaa saa nzima
nikitazama maji machafu yakipita, kama mtalii.

Pesa ziliishia hapo.
Mlango wa choo ungali hamsini na nane.
Usiku nautoa utepe, naupima tena,
si kwamba nadhani umepanuka.
Ndinda ananyoosha mikono.
Nane, namwambia.
Zilikuwa nyingi kuliko hizo, anasema. Shika shingo.