Waya wa Ardhi

Novemba. Ghala la Hynek, mlango haufungiki vizuri.
Baridi ilitutangulia, imekalia kila chuma.
Lori la Praga, magurudumu kumi, linanizidi miaka minne;
lilibeba askari, kisha kokoto, kisha kuku,
sasa linasubiri Jumamosi:
kijiji kinataka msonobari wake wa Krismasi ushuke toka msituni
na trekta la ushirika limeuzwa.

Nabonyeza. Tak.
Nabonyeza tena. Tak.
Sauti ya mtu anayetua kikombe mezani
na kukataa kuendelea na mazungumzo.

Betri kwanza: nafungua hasi, kisha chanya.
Pete ya ndoa imo mfukoni.
Baba ana kovu la duara kidoleni
lililonifundisha hilo kabla sijajua kusoma.

Halafu chini, chali, juu ya kadibodi.
Vít ameshika tochi, ana miaka kumi na mmoja,
anamulika kila kitu isipokuwa ninachokitazama.
"Hapa." "Hapa wapi, shangazi?"
"Anzia puani kwangu, panda."
Bolti ya juu huioni, unaiamini tu.
Robo mzunguko, chomoa spana, igeuze, robo nyingine,
oili nyeusi ikinidondokea shavuni tone kwa tone
mpaka stata inaachia, kilo ishirini na ushee,
inanilalia kifuani kama mtoto aliyeshiba.

Mezani naifungua.
Vumbi la kaboni, laini kuliko poda;
nitapenga kamasi nyeusi hadi kesho kutwa.
Brashi nne: tatu zinaridhisha, moja imelika
ikabaki kimo cha ukucha, springi yake imechoka kusukuma.
Shaba naipitishia msasa mwembamba, nikizungusha taratibu,
kisha kwa kipande cha msumeno uliovunjika
nakwangua mifereji yake, mmoja mmoja,
ishirini na tisa. Vít alihesabu. Mimi nilipata ishirini na nane.

Bushi ya nyuma iliwahi kulegea,
na mtu aliwahi kuibana kwa utepe wa bati
alioukata kwenye kopo la samaki:
bado unaonekana mkia, na nusu ya bei.
Askari gani, usiku gani,
nani amesimama nyuma yake akipiga kelele, sijui.
Bushi mpya nilikuwa nayo, imelala kwenye oili tangu jana.
Nikaitia.
Kile kibati nikakiweka mfuko wa shati.

Tukaijaribu sakafuni, nimeikanyaga kwa buti,
waya mbili, cheche, ikaruka
kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Vít akapiga makofi.
Nikaona nimemaliza.

Tukairudisha. Bolti ya chini, bolti ya juu ya imani.
Nikapanda, nikabonyeza.

Tak.

Nilisema maneno ambayo Vít hakupaswa kuyasikia
na ambayo tayari aliyajua.
Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi,
"Shangazi, mbona hata huu waya ni wa kijani?"

Waya wa ardhi. Pale unapobana fremu.
Kiangazi kilichopita, kabla ya maonyesho, nililipaka lori rangi,
mikono miwili, kwa brashi ya nywele, bila pupa,
nikakifungua kila kiungo, nikakipaka, nikakifunga tena,
na watu wakanisifu.
Kikulacho ki rangini mwako.
Umeme hautoshwi na kwenda, unataka pa kurudi,
na mlango wa kurudi niliuziba mimi, kwa madaha.

Kisu, msasa, mpaka chuma kikatoka uchi.
Nikabana. Nikapanda.
Likakohoa, likatingisha ghala lote,
moshi mweupe, bata bukini wa Hynek mbio hadi kwa jirani.

Doa lile sijalipaka tena. Nimelisiliba grisi, basi.
Hynek anasema linaharibu sura ya lori.
Mwache aseme.