Kifuniko Kipya

Fausta, mimi nilikwambia ni pampu.
Nikaifungua, nikakuta utando wake mzima,
laini kama ulimi wa mbuzi.
Nikaona haya, nikaufunga.

Hapa Gerezani haya haina pa kukaa.
Muuza kahawa anajua ugonjwa wa kila gari,
na kijana wangu Kazumba anauliza kwa sauti: "Fundi, vipi?"
Nikasema basi ni filta.
Tukaweka mpya, ya kioo, tukachungulia petroli ikipita,
haina mchanga, haina maji.
Cortina ya marehemu baba yako ikanguruma palepale juu ya jeki
kama haijawahi kuugua.

Jumamosi, Kigamboni,
kwenye barabara ya kiwanda kilichofungwa,
ya kwanza iliruka, ya pili ikaitika,
ya tatu
kho,
kho,
na Datsun ya Chande ikakupita bila haraka,
mwenyewe kashusha kioo anakupungia.
Ulisimama mbele kidogo ya pipa lililopakwa chokaa.
Ukafungua tangi uone kama petroli ipo.
Ipo, nusu.
Ukawasha, likawaka mara moja,
likarudi mstarini linajidai.
"Hili gari linanichezea," ulisema,
na hukusema kwa utani.

Nililala na kabureta kichwani.
Nikapuliza jeti moja moja.
Nikapima floti kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne,
akachapwa shuleni kwa kukosa rula.
Nikabadilisha mpira wote, toka tangini hadi mbele,
futi kumi na moja, kwa bei ambayo sikukutajia.
Nikanyonya mafuta kwa mdomo hadi chai,
hadi maharage, hadi mate yangu mwenyewe
yakawa na ladha ya kituo cha petroli.

Bado.
Likizima unafungua tangi, unachungulia, linapona.

Nilikuwa nakula mihogo pale kwa Mama Sikujua
sentensi hiyo ikanirudia, mara hii polepole:
likizima
unafungua tangi
linapona.

Niliuacha muhogo.
Pilipili vidoleni, nikawasha gari,
nikaliacha lingurume dakika ishirini, tangi limefungwa,
nikainama, nikazungusha kifuniko robo tu.

Fyuuuuu.

Hewa iliingia kama mtu aliyezamishwa kichwa
ndani ya pipa, akaachiwa.

Kifuniko. Kile kinachong'aa,
ulichonunua Shaurimoyo arobaini ilipokwisha,
ukakifuta kwa kitenge, ukasema sasa gari limetimia.
Miaka tisa mzee aliziba tundu lile
kwa tambara la shati lake la bandarini,
nasi tukamcheka, mimi nikiwa wa kwanza.
Tambara lilipitisha hewa.
Chuma chako hakikupitisha kitu:
pampu inavuta, tangi linavutwa,
mafuta yamebanwa katikati kama ulimi wa mwongo.

Nilichukua kekee na ncha ndogo kuliko njiti ya kiberiti.
Ulinishika mkono.
"Fundi, usikitoboe."
Nikasubiri. Jirani alikuwa anagonga springi za lori.
Ukageuka kutazama bango la betri, ukaendelea kulitazama,
nikatoboa.
Vumbi la chuma lilibaki kiganjani,
kidogo, lingeweza kutosha kwenye kope.
Sikujua nilitupe wapi.

Jumamosi iliyofuata sikuja.
Nilikuwa chini ya pikapu ya mtu, nanyonya dizeli,
Kazumba akanipigia, akainua simu hewani.
Nikasikia ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikafika, nikaacha kupumua,
ikapita.
Ya nne ikaenda mbali na simu, ikaenda, ikaenda.

Baadaye sauti yako:
"Umesikia?"
Nilikuwa na dizeli mdomoni.
Nikatema, nikauliza kama umemshinda Chande.

"Sijui," ulisema. "Sikutazama pembeni."