Milisekunde Kumi na Tisa

Kebo nimeinunua Ruwi, kwa Sasidharan,
riyali tatu na baisa mia tano, hapunguzi.
Ina pini tano, akanionyesha kwa ukucha,
na katika hizo tano, mbili hazina kazi.
Nikamwambia, kumbe ni kama ukoo wetu.
Akacheka, hakuuliza zaidi.

Kinanda ni cha shangazi Zuwena.
Miaka ishirini kimewaingiza maharusi ukumbini, Barka na Sib,
kimemwagikiwa sharubati,
kimepanda pikapu pamoja na masufuria ya biriani.
Kitufe cha sauti ya zumari kimelika
hadi kikafanya kishimo cha kidole chake, si cha mwingine.
Sasa kimelala mezani kwangu, Mabela, ghorofa ya pili,
na kompyuta haina habari.

Basi nikaiambia uongo mdogo.
Nikafungua mstari mtupu, nikauandika ZUWENA,
nikasema: hiki nacho ni chako, kimo ndani yako,
kama hizo fidla na dumbaki ulizozimeza.
Namba zitoke huku, sauti irudi kule,
nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi,
na mwenye kutazama skrini
ataona chombo kimoja tu miongoni mwa vyombo.

"Kimo ndani?" akauliza shangazi, kikombe cha kahawa mkononi.
"Mbona mimi nakiona juu ya meza?"

Nikatuma mlio mmoja mkavu, kama ukucha kwenye sahani,
nikaungoja urudi.
Ulichelewa. Milisekunde kumi na tisa.
Si kitu, pumzi ya sisimizi,
lakini dumbaki ilikuwa imeshapita
na kinanda kikaja nyuma kikichechemea.

Hapo mashine ikafanya jambo nisilolitarajia:
haikumharakisha mzee.
Iliwachelewesha wengine wote,
dumbaki, fidla, besi, kila mmoja akasimama pale pale,
kama tunavyongojana sisi kwenye sinia,
mikono imeshanawa, wali unafuka,
hamegi mtu mpaka wa mwisho akae.

Ukabaki mvumo. Nyuki ndani ya ukuta.
Mimi ni fundi wa viyoyozi, nyuki huyo namjua kwa jina.
Nimewapoza watu toka Khuwair hadi Sohar,
na usiku ule wa Agosti, nje nyuzi thelathini na tisa,
nikanyoosha mkono nikazima changu.

Kumbe kuna sharti jingine.
Vyombo vya ndani hutolewa kufumba na kufumbua,
wimbo mzima, sekunde nane, umeshakuwa faili.
Cha nje hakijui kukimbia.
Wimbo wa dakika sita hutaka dakika sita,
na anayeutaka akae nao.

Tukakaa.
Vibonye vimetulia, hakuna kidole, na sauti ni ile ile.
"Nani anapiga?" akanong'ona. Sikuwa na jibu fupi.
Dakika ya pili jasho likanishuka mgongoni.
Dakika ya nne kinanda nacho kikaona joto,
noti ya juu ikapanda kidogo, unywele,
mkono wangu ukaenda kwenye kipanya.
"Kiache," akasema, hakugeuka.
"Hata harusini kilikuwa hivyo,
wanawake wakishasimama."

Dakika ya tano alikuwa anapiga vidole gotini,
mbele kidogo ya dumbaki.
Yeye sikumpima.