Sikio la Kuazima

Mjomba Okke alistaafu na sikio moja.
La kulia alilisahau chumba cha injini,
katika kivuko kilichovuka mdomo wa Elbe
miaka thelathini na moja, kwenda na kurudi,
dizeli ikimfokea kama mdai.

Sikio la kufa halisikii dawa,
wala halisikii rafadha.
Ndiyo maana Novemba ile, nikiwa na miaka tisa,
alinivika hedifoni zilizonipwaya,
akaniketisha juu ya kreti ya bia mbele ya kompyuta,
akasema: "Fenja, leo masikio ni wewe."

Ndani ya kioo kulikuwa na bahari,
au tuseme waliotengeneza mchezo walidai ni bahari:
kijivu juu, kijivu chini,
katikati mstari uliokwisha kufutika.
Macho yanafika mita mia tatu.
Mahali fulani humo, msafara wa meli ishirini na mbili
ulijikokota kwenda mashariki,
na manowari nne zikiuzunguka
kama mbwa wa kondoo.
Periskopu tulikuwa nayo, nzuri,
na periskopu nzuri ndani ya ukungu
ni dirisha linalotazamana na ukuta.

"Wajinga hupanda juu kutafuta," alisema,
"wakakutana uso kwa uso na meli ya mafuta.
Sisi tunazama. Ukungu haujui kupiga mbizi."

Tukazama mita arobaini na tano, tukazima kila kitu,
nami nikaanza kuzungusha gurudumu la kusikilizia
polepole, kama mtu anayetafuta stesheni usiku.
Kwanza maji.
Kisha maji tena.
Kisha, mbali sana, mtu anasugua sufuria.

"Digrii arobaini."
Akaweka rula, akachora.
Dakika tatu. "Arobaini na nne."
Akachora.
Karatasi yetu ilikuwa mgongo wa bili ya gesi,
na mistari ikafunguka juu yake kama mbavu za mwavuli.
Vidole vyake vilinuka siki na heringi.
"Ile ya mbio, inayolia kama cherehani, iache ipite.
Hiyo ndiyo inayoua. Nitafutie mzito."

Nikampata. Lakini alikuwa na kilema:
du, du, du, pengo,
du, du, du, pengo.
Sikujua kulieleza, nikaligonga mezani kwa kidole.
Mjomba akatua penseli,
akalaza kiganja juu ya ubao, karibu na kidole changu,
akasikiliza kwa mkono.

"Bapa moja limekatika," akasema.
"Huyo anatetemeka mpaka vikombe jikoni."
Akanyamaza
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Ningependa kuandika hapa kwamba alimwacha.
Hakumwacha.
Alihesabu mapigo kwa saa ya ukutani,
mafundo sita na nusu,
akafungua milango minne ya torpido
akafyatua kwenye ukungu, kwenye hesabu,
kwenye mgongo wa bili ya gesi.

Ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu niliisikia mimi peke yangu.
Baada yake pengo lilirefuka,
du, du,
du,
halafu vyuma vikaanza kulia
kama barafu inayomiminiwa chai.

"Bado unamsikia?"
Sikuwa nimeambiwa nisikilize mpaka lini.

Tukapanda kutazama tulichokifanya. Kijivu.
Hakuna moto, hakuna mlingoti, hakuna meli;
pembeni mwa kioo tu, kwa herufi ndogo:
tani elfu nne na mia mbili.
Mjomba alisugua miwani yake, akatazama tena,
kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Nilipovua hedifoni masikio yaliniwaka.
Nje, Cuxhaven nzima ilikuwa imemezwa,
hata taa ya mlango wa jirani.
Na huko mtoni, honi:
ndefu, nzito, ya kweli,
meli fulani ikiomba isigongwe.

Nikanyoosha mkono dirishani bila kufikiri.
"Mia moja na kumi," nikasema.

Yeye hakuisikia. Aliona midomo yangu tu,
akachukua penseli, akaweka rula,
na mkono wake ukabaki hapo.