Pengo

Usiku wa mwezi nane, maji mafu,
tumepanda darini, Kibokoni, mimi na Batuli,
na bomba la plastiki nililolitia lenzi
ya studio ya picha iliyofungwa, na kikuzio cha fundi saa.
Nimelifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye tangi la maji.
Lenzi ina ukungu pembeni. Chumvi ya mji huu
haisazi kitu: hula bawaba, hula matumbawe ya ukuta,
polepole, kama mtu anayekula bisi.

"Tazama pale mwanga unapokatika.
Uwanda ule wataalamu waliuita bahari."
"Ina maji?"
"Haina."
"Basi waongo."
Sikumbishia.

Ukingoni mwa bahari hiyo kavu, kando ya matuta
yaliyojikunja kama shuka la mgonjwa,
kuna shimo dogo. Dogo kwa bomba letu;
kisiwa hiki chote, na Ngome, na Makupa, na Mbaraki,
kingetua ndani yake na nafasi ya foleni ikabaki.
Ukuta wake wa magharibi umewaka,
wa mashariki ungali usiku.
Jiwe lilikuja mara moja, bila hodi,
pasipo hewa ya kubeba kishindo.
Na tangu hapo hapana aliyelifukia:
hapana mvua, hapana kusi wala kaskazi,
hapana diwani na lori la kifusi mwaka wa kura.

Batuli kaegemea, jicho moja kafumba,
ulimi wacheza pale jino lilipong'oka Jumanne.
"Laitwaje?"
Halina lake. Limeazima jina la jirani mkubwa
na herufi moja nyuma, kama chumba cha kupanga.
"Basi ni Pengo," akasema,
na tangi likatikisika kwa kucheka kwake,
na mwezi mzima ukatutoka kwenye bomba.

Siku ya kumi na nne yalijaa maji ya bamvua
yakapanda ngazi za Bandari ya Kale;
bahari kavu ya juu ndiyo iliyoyavuta.
Mwezi mweupe, hauna kivuli hata cha kuazima.
Tukatafuta, tukatafuta.
Pengo halipo.

"Wamelifukia!"
La. Jua limesimama juu yake tu,
limelikosesha pa kuweka giza.
Subiri, nikamwambia, litarudi na maji mafu.

Hakuniamini. Akatia kidole kinywani,
akapapasa,
akahakikisha lake liko.