Chukulia

Siku ya kupima shamba la baba, pale juu ya Chavakali,
mpimaji alikuja na miguu mitatu ya chuma,
utepe, rangi nyekundu, na kijana wa kufyeka.
Ndugu zangu, Lugonzo na Amugune, walisimama mbalimbali,
kila mmoja na shahidi wake na kimya chake.
Mimi nilikuwa jikoni nachambua mrenda,
dirisha wazi, sikio nje.

"Tuchukulie," alisema mpimaji,
"kwamba jiwe hili liko mahali pake."

Hapo ndipo nilipolipenda neno lile.
Halisemi ni kweli. Haliapi.
Linasema: shika kwanza, tutembee,
uzito tutaujua njiani.

Kutoka jiweni akavuta mita thelathini na mbili
hadi mparachichi. Hapo akakata pembe mraba,
akateremka hadi kijitoni. "Kwa hiyo" ikaishika mkono "kwa hiyo",
na hakuna aliyekohoa
mpaka Lugonzo, ambaye darasa la saba lilimshinda
lakini hoja haijawahi kumshinda, akauliza:
"Na jiwe nalo, limethibitishwa na nani?"

Na jiwe la kanisani.
Na la kanisani?
Na nguzo ya saruji kule kilimani.
Na nguzo?

Mpimaji akafuta jasho. Alikuwepo mtu, akasema, zamani,
aliyepanda na darubini, akatazama nyota siku tatu,
akasimika nguzo, akasema: tuanzie hapa.
"Basi shamba letu limening'inia kwenye nyota."
"Limening'inia kwenye 'tuanzie hapa'.
Nyota hazijui lolote kuhusu mahindi."

Kuhusu jiwe lile mimi najua jambo moja.
Nikiwa na miaka minane nililibingirisha hadi uani
nipondee karanga, na jioni nikalirudisha
pale pale. Au karibu na pale.
Hesabu ya mpimaji haikuwa na kosa hata moja.

Sasa nafundisha jometri, Mbale,
vichwa sitini na mmoja, madirisha mawili.
Naandika ubaoni: Chukulia.
Nawaambia neno hili lina ukoo:
chukua ndiye mzazi, mwenye mikono mirefu,
chukulia ni mwanawe,
na chukuliana ni mjukuu aliyewapita wote kwa akili,
huyo ndiye anayekaa kati ya ndugu zangu hadi leo
parachichi likiangukia upande usio wake.

Nawaambia pia: sogeza jiwe hatua mbili,
hutapata shamba la uongo.
Utapata shamba jingine, lisilojipinga popote,
ila mparachichi utaamkia kwa jirani.

Juma lililopita Kageha, wa dawati la nyuma,
alifuata ithibati yangu kwa kidole, mstari kwa mstari,
akakwama kwenye wa sita.
"Mwalimu, hapa umetumia kitu ambacho hukukiandika juu."
Nikatazama. Kweli.
Nilikuwa nimechukulia kwamba duara mbili zinakatana.
Sikusema. Mchoro ulionyesha hivyo,
na jicho, likisharidhika, haliombi ruhusa.

Nilikwenda nyumbani na mstari wa sita.
Nikapika nao. Nikalala nao.
Siku ile ya utepe na rangi nyekundu
hakuna aliyetamka: tuchukulie kwamba watoto ni wawili.
Halikuandikwa juu ya ukurasa wala chini,
wala Lugonzo, bingwa wa "na nani?", hakuliulizia,
na mimi dirishani sikulisikia likipita.
Lakini kila kipimo kilipanda mgongoni mwake.

Walipomaliza nilipakua sahani:
ya mpimaji, ya kijana wa kufyeka, za mashahidi wawili,
ya Lugonzo, ya Amugune.
Nikahesabu mara mbili.
Ikatoka sawa.